Jua la utosi, maji ya bamvua: tunavyodanganyana kuhusu kupiga picha Mombasa

Pepo za kaskazi zikielekea ukingoni, Februari na Machi, utawasikia watu wa Mombasa wakisema hakuna cha kutembelea wala cha kupiga picha mpaka masika yapite na majani yarudi. Ndege wangecheka. Vitwitwi waliotoka Ulaya na Asia kukimbia baridi bado wako ufukweni, na kabla ya kurudi kwao Aprili wengine huanza kuvaa manyoya ya kuzalia, kifua kikageuka chekundu. Bahari nayo ina maji maangavu wakati huu, kusi haijaja kuyavuruga. Joto lipo, sikatai, lakini lina dawa yake: toka mapema.

Tatizo ni kwamba wengi hutoka saa isiyofaa kwa sababu wameambiwa jua likiwaka sana ndipo picha hutoka safi. Dhana hii imeharibu picha za harusi zisizo na idadi. Mombasa iko kama nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hiyo karibu na tarehe 10 Machi jua hupita utosini hasa. Simamisha kijiti wima mchangani saa sita na nusu hivi, kivuli chake karibu hukioni. Mwanga unaoshuka wima namna hiyo huziba macho kwa weusi, huweka kivuli cha pua juu ya mdomo, na kanzu nyeupe hugeuka doa tupu lisilo na mkunjo hata mmoja. Kununua kamera ya bei hakusaidii hapo. Kama ni lazima upige mchana, mwingize mtu wako chini ya mkungu au mwembe, umgeuze uso kule kwenye uwazi, na simu ya kawaida itakupa picha ya heshima.

"Basi nitakwenda jioni Nyali, nilinase jua likizama baharini." Utangoja sana. Fukwe za Nyali, Bamburi na Shanzu zinatazama mashariki: jua huchomoza kutoka baharini na kuzama nyuma yako, huko bara. Anayetaka machweo juu ya maji aende upande wa Tudor, atazame mkono wa bahari ulioingia ndani ya nchi kavu. Na asichelewe. Huku kwetu jua hushuka karibu wima, kwa hiyo ule mwanga laini baada ya kuzama hauna subira, hudumu kama dakika 20 tu kabla ya giza kushika. Ushauri wa wapiga picha wa Ulaya, ambako majira ya joto jioni hujivuta weee, haufai hapa.

Nije kwenye mikoko, maana ndiyo inayosingiziwa kuliko vyote. Husemwa kwamba ni matope, mbu na uvundo wa maji taka. Kwa Tudor maji taka yapo kweli, na takataka pia, sitaki kupamba. Lakini harufu ile ya yai viza utaikuta hata mahali ambapo hakuna choo wala bomba: ni gesi inayotolewa na bakteria katika matope yasiyo na hewa. Ndiyo sababu mchu, mti mmojawapo wa mikokoni, hutoa mizizi juu kama penseli zilizochomekwa ardhini, ipate kupumua. Ukiikanyaga ili ukaribie ndege, unauumiza mti. Tena kuna anayeita kila mti wa pale mkoko, wakati mlilana ndio ulio mbele kabisa ukilowa maji, mkoko wenye miguu mingi ukifuata nyuma yake, na mkandaa ukikaa ndani zaidi.

Chuchumaa ukingoni maji yakiwa yamekupwa, usitikisike. Mwanzoni utaona vishimo tu. Baada ya dakika chache kaa wadogo watatoka mmoja mmoja, na dume utamjua kwa gando moja kubwa kupita kiasi, analolipunga kuwaita majike na kuwatisha madume wenzake. Lile dogo analitumia kula. Shusha kamera hadi kwenye usawa wa macho yake, hapo ndipo picha ilipo. Ukipiga kutoka juu ukiwa umesimama, utapata matope na nukta.

Dhana ya hatari zaidi ni kudhani maji hupwa saa ile ile kila siku. "Jana nilipita hapa" si hoja kwa bahari: kupwa na kujaa huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku. Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka mbali sana, na Mombasa upeo wa kupwa huangukia karibu saa nne asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Waulize wavuvi kabla ya kutembea hadi mwambani, na ukiona maji yamegeuka, geuka nawe.

Huko mwambani, matumbawe si mawe ya kusimamia upate picha. Mawe yaliyojenga nyumba za Mji wa Kale ni matumbawe yaliyokufa zamani, lakini hayo ya majini ni wanyama hai, na ndani ya hifadhi ya bahari hata kuokota kombe hairuhusiwi.

Viumbe wa nchi kavu nao husingiziwa. Kinyonga hana sumu. Hubadili rangi zaidi kwa hasira, joto au kutafuta mwenzi kuliko kwa kujificha. Bundi haleti msiba, anakula panya wako.

Na ule msitu wa Haller Park, Bamburi, mnaoupiga picha mkisema ni pori la asili, ulikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji. René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kuotesha miti hapo mwaka 1971, na kati ya michache iliyostahimili ni mvinje. Majani yake yalikuwa hayaozi, akaleta jongoo wayale, udongo ukaanza kujengeka. Kwa hiyo ukienda, usielekeze kamera kwa twiga tu, piga magoti umpige na jongoo.