Ziwa likizidi chumvi, tafuta mlango kabla ya mashine

Swali ninaloulizwa mara nyingi kuhusu maziwa yanayozidi kuwa na chumvi ni la mashine: tukifunga mtambo wa kuchuja, utagharimu kiasi gani, na tutasubiri miaka mingapi? Nami huuliza kwanza: katika ziwa hilo, chumvi imeongezeka au maji yamepungua? Kipimo kitasoma namba ileile kwa hali zote mbili, lakini dawa ya moja haitibu nyingine.

Kazi yangu ni elimu ya maji ya maziwa, na kosa ninaloliona likirudiwa ni kupima chumvi bila kupima maji. Ziwa lisilo na mto unaotoka hupoteza maji yake kwa kupaa mvuke, na mvuke haubebi chumvi. Mito inayoingia, hata ile ambayo maji yake ni matamu kabisa ulimini, imeyeyusha kidogo miamba na udongo ilikopita. Maji yanapaa, alichokuja nacho mto kinabaki. Haba na haba hujaza kibaba, na hiki kibaba hakina tundu.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu tutabishana bure. Chukua ziwa lenye eneo la kilomita za mraba 100 na kina cha wastani cha mita 5. Hizo ni mita za ujazo milioni 500. Lina gramu 10 za chumvi kwa kila lita, chini kidogo ya theluthi ya chumvi ya bahari, ambayo ni gramu 35 hivi. Kwa jumla ziwa limebeba tani milioni 5. Jua na upepo, baada ya kuhesabu mvua inayoanguka juu ya ziwa, hulipunguza kwa mita 2 kila mwaka, yaani mita za ujazo milioni 200. Mito nayo huleta milioni 200, zikiwa na gramu 0.3 tu kwa lita. Kina hakishuki wala hakipandi. Kila mwaka zinaingia tani 60,000 za chumvi, na baada ya miaka 10 kipimo kimetoka gramu 10 kikafika 11.2.

Sasa chukua ziwa hilohilo, robo ya maji ya mito ikachepushwa kwenda mashambani. Zinaingia mita za ujazo milioni 150, zinapaa milioni 200. Mwisho wa mwaka wa kwanza ziwa limebaki na milioni 450, na ndani yake kuna tani 5,045,000 za chumvi. Gawanya: gramu 11.2. Kazi ya miaka 10 imefanyika kwa miezi 12. Nimepuuza kusinyaa kwa eneo la ziwa, ambako baadaye hupunguza upotevu, lakini uwiano ndio huo. Ndiyo maana nasema kila ziwa liwe na madaftari mawili, la maji na la chumvi, na usiandike lolote kwenye la pili kabla hujasoma la kwanza.

Haya si ya mezani tu. Ziwa Mono, huko California, lilianza kupoteza vijito vyake mwaka 1941 jiji la Los Angeles lilipovichepusha kwa maji ya kunywa. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 lilikuwa limeshuka kwa mita 14 hivi na chumvi yake imekaribia kuwa mara mbili. Hakuna aliyemwaga chumvi humo. Bahari ya Aral, ambayo ni ziwa la Asia ya Kati na kabla ya miaka ya 1960 ilikuwa na gramu 10 hivi kwa lita, iliharibika kwa namna hiyohiyo baada ya maji ya mito yake miwili, Amu Darya na Syr Darya, kupelekwa kwenye mashamba ya pamba.

Tukishasoma daftari la maji, ndipo lile la chumvi linapoanza kuzungumza. Yako maziwa ambayo hayana mto wa kutoka na bado maji yake ni matamu. Naivasha, katika Bonde la Ufa nchini Kenya, ni mojawapo, wakati jirani zake Elmenteita na Nakuru ni ya magadi. Ziwa Chad ni jingine: liko pembeni mwa jangwa, jua ni kali, halina mto unaotoka, na kwa mantiki ya haraka lingekuwa chumvi tupu. Siri yao ni kwamba maji hupenya chini ya ardhi na kuondoka na sehemu ya chumvi. Mlango upo, ila hauonekani.

Niliwahi kupewa nisome pendekezo la kuziba ufukwe wa ziwa kwa udongo wa mfinyanzi ili maji yasipotee ardhini. Kwenye daftari la maji lilikuwa wazo zuri, kila mita ya ujazo iliyookolewa ilihesabiwa. Kwenye daftari la chumvi, huko kupenya ardhini ndiko kulikokuwa njia pekee ya chumvi kutoka. Wangeliziba, na ziwa lingeendelea kuonekana limejaa huku likigeuka chumvi polepole, bila mtu kuelewa kwa nini. Bado huwa nalifikiria pendekezo lile. Waliolileta walilipenda ziwa lao.

Mlango ukikosekana, unaweza kutengenezwa, na mara nyingi hauhitaji kuwa mpana. Rudi kwenye ziwa letu la mfano, kabla maji hayajachepushwa. Ili tani 60,000 zitoke kila mwaka, na kila mita ya ujazo ya ziwa ina kilo 10 za chumvi, inatosha kutoa mita za ujazo milioni 6. Ni asilimia 3 tu ya maji yanayoingia. Maji yangekuwa na gramu 2 tu kwa lita, ungelazimika kutoa milioni 30 kupata tani zilezile. Ziwa likiwa chumvi zaidi, mlango unahitaji kuwa mdogo zaidi, jambo ambalo huwashangaza hata wahandisi.

Tatizo ni upande wa pili wa mlango. Ukiyasukuma hayo maji kwenye mabwawa ya kukaushia, na tukikadiria kwamba mita 1.5 za maji hupaa kwa mwaka, kwa sababu maji yenye chumvi nyingi hupaa polepole zaidi, unahitaji kilomita za mraba 4 za mabwawa. Baada ya miaka 50 umelundika tani milioni 3. Na hiyo si chumvi ya mezani. Ina salfeti, ina magnesiamu, na kama maji yametoka mashambani huenda ikawa na seleniamu, ambayo hudhuru vifaranga vya ndege wanaotua kwenye mabwawa hayo. Lundo linahitaji sakafu isiyovuja, ukuta wa kuzuia upepo, na mwenye kuliangalia hata sisi tuliolianzisha tukiwa hatupo. Mradi usioandika mahali pa lundo haujakamilika, hata mchoro wa pampu uwe mzuri namna gani.

Mtambo wa kuchuja kwa utando una shida hiyohiyo, na nyingine zaidi. Hutoa maji matamu upande mmoja na maji mazito ya chumvi upande mwingine. Ukiyauza yale matamu mjini na kuyarudisha mazito ziwani, umefanya kazi ya jua: umeondoa maji na kuacha chumvi. Ukirudisha yote mawili hujafanya kitu. Mtambo una maana pale tu ambapo maji mazito yana pa kwenda nje ya ziwa, kwa hiyo tumerudi kwenye mlango uleule, safari hii ukiwa na bili ya umeme.

Njia nyingine ni kuligawa ziwa, kuokoa kipande na kukubali kwamba kingine kitazidi chumvi. Ni uamuzi mzito, na si wa wataalamu peke yao. Mwaka 2005 bwawa la Kok-Aral lilikamilika nchini Kazakhstan, tuta la urefu wa kilomita 13 hivi kati ya Aral ya kaskazini na ya kusini. Maji ya Syr Darya yakakaa kaskazini, kina kikapanda ndani ya mwaka mmoja, chumvi ikashuka, samaki wa maji matamu wakarudi. Wengi husimulia tuta, mimi hutazama malango yake. Maji yakizidi kaskazini huachiwa kuelekea kusini, nayo huondoka na chumvi. Kusini ndiko kulikolipa gharama hiyo.

Great Salt Lake, huko Utah, liligawanywa bila mtu kukusudia chumvi. Mwaka 1959 lilikamilika tuta la reli linalokatiza katikati. Mito mikubwa yote huingia upande wa kusini, kwa hiyo kaskazini kukawa na maji yaliyoshiba chumvi kabisa. Novemba 2022 ziwa lilifika kina cha chini kuliko vyote vilivyowahi kurekodiwa, na kusini kukawa na chumvi kiasi cha kutishia uduvi na nzi wa ziwani, ambao ndio chakula cha mamilioni ya ndege. Wahusika wakainua kizuizi kwenye uwazi ulio chini ya daraja la reli, ili chumvi ya kaskazini isirudi kusini. Theluji nyingi ya mwaka 2023 ikaja ikaizimua. Hatua ile niliiunga mkono na bado naiunga mkono, kwa sharti kwamba tuite kwa jina lake: ilinunua muda. Chumvi iliyofungiwa kaskazini bado ni ya ziwa.

Kuna jambo moja kuhusu kurudisha maji ambalo halisemwi vya kutosha. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, na yakija mengi kwa mara moja hukaa juu kama kifuniko. Mono lilifunikwa hivyo mwaka 1995 baada ya maji mengi kuingia: tabaka la juu na la chini likaacha kuchanganyika kwa miaka kadhaa, oksijeni ikakosekana chini, na virutubisho vikanaswa huko ambako mwani hauvifikii. Haimaanishi maji yasirudishwe. Maana yake ni kwamba pima maji katika kila kina, si usoni tu, na uwaandae watu kwa miaka michache ya ajabu.

Kuhusu kupima: kipimo cha upitishaji umeme, ambao huongezeka chumvi ikizidi majini, ni cha bei nafuu na kinatosha kwa kazi ya kila siku, mradi usomaji urekebishwe kwa nyuzi 25 za Selsiasi. Lakini vipimo vingi vimetengenezwa kwa kuchukulia kwamba chumvi yako ni ya bahari. Ziwa lenye kaboneti au salfeti nyingi litakupa namba isiyo sahihi hadi uipatanishe na sampuli za maabara. Na usipime karibu na mdomo wa mto kwa sababu ndipo gati lilipo. Nimepokea data za miaka mingi zilizochukuliwa hivyo, na zilichokuwa zinaeleza ni mto.

Wala lengo si kuifuta chumvi. Maji ya Nakuru yalipopanda sana tangu takriban mwaka 2010, magadi yakazimuka, mwani ambao flamingo huula ukapungua, na ndege wenyewe wakatawanyika. Kila ziwa lina kiwango chake cha chumvi, na kukijua huanza kwa kuuliza nani anaishi humo.

Kwa ziwa letu la mfano, basi, jibu langu kwa aliyeuliza bei ya mtambo ni hili: rudisheni kwanza zile mita za ujazo milioni 50 mlizochepusha, halafu tuzungumzie milioni 6 za mlangoni. Milioni 50 hizo zitatoka kwenye umwagiliaji, na hapa naomba uangalifu. Mifereji ikisakafiwa na umwagiliaji wa matone ukichukua nafasi ya kufurisha maji shambani, maji yaliyookolewa kwa kawaida huenda kwenye ekari mpya, si ziwani. Mono lilipata nafuu kwa sababu mwaka 1994 bodi ya maji ya California iliandika kiasi ambacho lazima kiachwe kwenye kila kijito, pamoja na kimo cha uso wa ziwa cha kulenga: futi 6,392 juu ya usawa wa bahari. Miaka 30 baadaye ziwa lilikuwa bado halijakifika, lakini watu wanaolidai wana karatasi ya kuonyesha.