Je, wajua kwa nini Wafaransa wa kusini waliacha kuwarithisha watoto lugha yao?

Ukipanda treni ya chini ya ardhi mjini Toulouse, utasikia jina la kituo likitangazwa mara mbili: kwa Kifaransa, kisha kwa Kioksitani. Hii si lahaja ya Kifaransa. Ni lugha kamili iliyozaliwa na Kilatini, na ndugu yake wa karibu ni Kikatalani. Katika karne ya 12 watrubaduri, yaani washairi-waimbaji wa kusini, walitunga mashairi ya mapenzi kwa lugha hii, yakaigwa Ulaya nzima. Hata hivyo, wengi wa abiria hao leo hawaizungumzi.

Wapo wanaotaja Vita vya Msalaba vya mwaka 1209, wapiganaji wa kaskazini walipowashambulia Wakathari, kundi la kidini ambalo Kanisa Katoliki liliwaona wazushi, au amri ya mfalme ya 1539 iliyofanya Kifaransa kuwa lugha ya mahakama. Ni kweli kusini ilipoteza mamlaka yake. Lakini wakulima waliendelea kuongea Kioksitani shambani na sokoni kwa karne nyingi baadaye.

Kwa maoni yangu, pigo lenyewe lilitoka shuleni. Sheria za waziri wa elimu Jules Ferry za 1881 na 1882 zilifanya elimu ya msingi iwe ya bure na ya lazima, na ilitolewa kwa Kifaransa. Katika shule nyingi, mtoto aliyeponyokwa na neno la nyumbani alikabidhiwa kipande cha mti au kiatu kikuukuu. Alitakiwa kumvizia mwenzake akosee ili amkabidhi yeye, na aliyebaki nacho jioni ndiye aliyeadhibiwa. Wasomaji wa Kenya waliovishwa kibao shingoni kwa kuongea lugha ya mama wanaujua mchezo huo mchungu. Watoto hao walipokuwa wazazi, waliongea Kioksitani wao kwa wao, wakigeukia watoto waliongea Kifaransa. Aibu hiyo ya kuionea haya lugha yao Waoksitani wanaiita *vergonha*.

Inauma zaidi ukikumbuka kwamba Frédéric Mistral, aliyeandika kwa lahaja ya Provence ya lugha hiyohiyo, alipata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 1904, adhabu hizo zikiendelea.

Tangu 1979 kuna shule za Calandreta, zilizoanzia mji wa Pau, zinazofundisha kwa Kioksitani. Jina Occitanie nalo lilipewa mkoa mpya mwaka 2016, ingawa Provence na Limousin, zenye lugha hiyohiyo, zimeachwa nje. Ila hadhi ya lugha rasmi Kioksitani kimeipata ng'ambo ya mpaka, katika bonde la Aran kwenye milima ya Pyrenees nchini Hispania.