Ukishatoa zaka, iliyobaki si yako

Wapo wafanyabiashara Wakristo hapa Mwanza wanaoamini kwamba ukishatoa fungu la kumi, mafungu tisa yaliyobaki ni yako na Mungu hana neno nayo. Sivyo. Zaburi 24:1 inasema nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana. Zaka inakiri hilo. Hainunui ruhusa ya kutumia yaliyobaki upendavyo.

Katika Mathayo 23:23 Yesu aliwakemea waliotoa zaka hata ya mnanaa, bizari na jira huku wakiacha adili na rehema. Zaka hakuifuta.

Kwa mchuuzi wa dagaa pale mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa, basi, hesabu atakayotoa mbele za Mungu inaanzia kwenye mizani, na kwenye ujira wa mama anayemwanikia. Unamzungusha mama huyo wiki nzima, kisha Jumapili unapeleka bahasha nene kanisani? Yakobo 5:4 inasema ujira wa wavunaji uliozuiliwa unapiga kelele, na kilio chao kimemfikia Bwana. Natamani andiko hili lihubiriwe mara nyingi kama yale ya baraka.

Akiba nayo ni uwakili, yaani kumtunzia Mungu mali yake. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, mitumbwi hupumzika na kipato hukatika. Anayetenga kidogo ili watoto wale siku hizo hajapungukiwa imani. Tajiri wa Luka 12, yule aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi, alikosea kwa kujiwekea nafsi yake tu. Jirani ambaye nyavu zake zimechanika naye anahesabiwa ndani ya akiba hiyohiyo.