Mzee wa miaka 80 na zaidi nyumbani: maswali ya wanaomtunza

Mama ana miaka 88. Juzi alikuwa vizuri, leo anaongea maneno yasiyoeleweka na anamwita mjukuu kwa jina la marehemu kaka yake. Hana homa. Si uzee huu?

Hapana. Uzee hauji kwa siku mbili. Kumbukumbu zinazopotea taratibu, kwa miezi na miaka, ni jambo jingine, na hilo nalo ni ugonjwa wa ubongo unaohitaji daktari, si uchawi. Aliyekuwa na akili zake juzi akachanganyikiwa leo ana kitu kinachomsumbua mwilini, na apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mwili wa umri huu mara nyingi haupandishi joto hata ukiwa na nimonia au maambukizi ya njia ya mkojo. Mzee hakohoi sana, halalamiki. Unachokiona ni kuchanganyikiwa, kusinzia mchana kutwa, kukataa chakula au kuanguka bila sababu. Huenda amepungukiwa maji, ana malaria, sukari imeshuka, mkojo umeziba, hajapata choo siku nyingi, au kuna dawa mpya iliyomvuruga. Mdomo ukipinda, au mkono mmoja ukilegea ghafla, huenda ni kiharusi: usisubiri kukuche.

Ukifika kwa daktari, mweleze mzee alivyokuwa wiki iliyopita. "Alikuwa anajichemshia chai mwenyewe" ni taarifa nzito kuliko unavyodhani, kwa sababu anayemwona kwa mara ya kwanza atadhani ndivyo alivyo siku zote. Ukijibiwa kwamba ni umri tu, omba kwa heshima apimwe mkojo, sukari, malaria na kifua.

Hataki maji kabisa. Tumlazimishe?

Msimlazimishe, lakini msingoje aombe, maana kiu hupungua kadiri umri unavyokwenda. Mpeni kidogo kidogo: nusu kikombe akiamka, kingine akimeza dawa, kingine jioni. Uji mwepesi, supu, maziwa na tikitimaji vyote vinahesabika. Mkojo ukiwa mchache na wa rangi iliyokolea, maji hayamtoshi. Aliyeambiwa na daktari apunguze maji kwa ajili ya moyo au figo afuate alivyoambiwa.

Halafu chunguzeni choo kiko wapi. Wazee wengi huacha kunywa kwa makusudi kwa sababu choo kiko uani, nje ni giza, na wanaona haya kumwamsha mkwe usiku wa manane. Ndoo yenye mfuniko karibu na kitanda, na taa inayowaka usiku, humaliza tatizo ambalo maneno hayalimalizi.

Anapaliwa akila. Tufanye nini?

Mketishe wima kabisa, si kuegemea mto, na kidevu kiiname kidogo anapomeza. Kijiko kiwe kidogo; hakikisha amemeza kabla ya kingine. Abaki ameketi nusu saa baada ya kula, na asilishwe akiwa na usingizi. Wengine hupaliwa na maji zaidi kuliko uji mzito. Kupaliwa kukiendelea, mpeleke akachunguzwe.

Kinywa kisafishwe asubuhi na usiku hata kama hakuna jino lililobaki. Futa fizi na ulimi kwa kitambaa laini chenye maji safi. Vijidudu vya kinywani vikishuka na mate hadi mapafuni huleta nimonia.

Hawezi tena kutoka kitandani. Vidonda tutavizuiaje?

Mgeuze kila baada ya saa 2, usiku na mchana: ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto. Ni kazi ngumu na haifai kuachiwa mtu mmoja. Pangeni zamu kama mnavyopanga michango ya msiba.

Kila unapomwogesha, kagua visigino, nyonga, mfupa wa juu ya makalio, viwiko na nyuma ya masikio. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, basi tumia mkono: sehemu yenye joto, ngumu au laini kuliko ngozi iliyo jirani, au inayouma ukiigusa, imeanza kuumia. Usiisugue wala kuikanda. Ondoa uzito hapo. Weka mto chini ya mashavu ya miguu, yaani nyuma chini ya magoti, ili visigino vining'inie bila kugusa godoro. Usimkalishe juu ya mpira wa duara wenye tundu katikati, kwani hubana damu pembeni. Nyosha mikunjo ya shuka, na mkitaka kumsogeza, mwinueni watu wawili badala ya kumburuta. Pampasi ikilowa ibadilishwe hapo hapo. Ngozi ikishachanika, aonwe na muuguzi. Majivu na spiriti havifai. Mayai, samaki, maharage yaliyopondwa, vyote husaidia ngozi kujijenga.

Anatumia dawa nyingi. Kuna hatari?

Ipo, na kubwa. Kusanyeni zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na za duka na za mitishamba, mwende nazo kliniki. Diklofenaki ya maumivu ya magoti huumiza figo, hupandisha presha na huweza kutoboa tumbo. Piritoni anayopewa "apate usingizi" huweza kumchanganya akili na kuzuia mkojo. Anayetumia dawa za sukari akala kidogo, sukari huweza kushuka vibaya usiku.

Kuna msaada wa fedha?

Zanzibar hutoa pensheni jamii kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea tangu 2016, na Kenya ina Inua Jamii kwa umri huo huo. Tanzania Bara, ulizeni ofisi ya mtaa au kijiji kuhusu matibabu bila malipo kwa wazee wasio na uwezo.

Ameanguka bafuni. Tumpeleke kwa mkandaji?

Msimkande. Akishindwa kusimama, au mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, yaelekea nyonga imevunjika, na anahitaji picha ya eksirei. Akigonga kichwa, muangalieni kwa wiki kadhaa hata kama anaonekana mzima. Damu huweza kuvuja polepole ndani ya fuvu. Akianza kusinzia, kuumwa kichwa au kuyumba, mrudisheni hospitali na mtaje siku aliyoanguka.