Ngano za Ulaya zenye picha: tunayoyaamini na yaliyokuwa

Dhana: Ngano hizi, yaani hadithi za kale za kusimuliwa, ziliandikwa kwa ajili ya watoto tangu mwanzo.

Sivyo. Ndugu wawili Jacob na Wilhelm Grimm walipotoa juzuu yao ya kwanza ya ngano Ujerumani mwaka 1812, haikuwa na picha hata moja, na ilijaa maelezo ya kitaalamu. Mwaka 1823 tafsiri ya Kiingereza yenye michoro ya Mwingereza George Cruikshank ilitoka London, ikanunuliwa sana. Ndipo likaandaliwa toleo dogo la 1825: ngano 50 na picha 7 za mdogo wao, Ludwig Emil.

Dhana: Picha ni pambo, mafunzo yamo kwenye maneno.

Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Chukua kisa cha binti wa kofia nyekundu, anayekwenda kwa bibi yake na kumkuta mbwa mwitu aliyejifanya bibi. Kwa mwandishi Charles Perrault, Ufaransa, 1697, mbwa mwitu anamla binti na kisa kimekwisha. Beti za mwisho zinawaonya wasichana dhidi ya wanaume wenye maneno matamu. Kwa akina Grimm anatokea mwindaji wa kumwokoa, na binti anajiapia kutoiacha tena njia pale mama anapomkataza. Somo limegeuka kuwa utii.

Mchoraji Mfaransa Gustave Doré alipozichorea picha ngano za Perrault mwaka 1862, alimweka binti kitandani, ubavuni mwa mbwa mwitu aliyevaa kofia ya bibi. Binti anajivutia shuka mwilini, macho kwa mnyama. Mtoto asiyejua herufi hata moja anaona kwamba hatari yaweza kuvaa nguo za mtu wa nyumbani. Naamini picha hiyo imefundisha wengi kuliko beti za Perrault.

Dhana: Picha hizo zilikuwa za watoto wa matajiri tu.

Kitabu cha Doré kilikuwa ghali kweli. Lakini mjini Épinal, mashariki mwa Ufaransa, kiwanda cha Pellerin kilichapa hadithi nzima kwenye karatasi moja: vijipicha vilivyopangwa safu kwa safu, maneno machache chini ya kila kimoja, rangi zikipakwa kwa stensili, yaani kupitia matundu yaliyokatwa kwa umbo la picha. Wachuuzi walizitembeza vijijini kwa bei ndogo. Nafasi ikiwa finyu hivyo, kisa hubaki kosa na adhabu yake, wema na malipo yake.

Dhana: Zamani ngano ziliachwa zilivyo, kuzibadilisha ni mambo ya leo.

Cruikshank, alipokwisha kuacha pombe, alianza mwaka 1853 kuziandika upya ngano kwa michoro yake. Katika Cinderella wake, kisa cha binti anayeteswa kisha akaolewa na mwana wa mfalme, mfalme anataka chemchemi zitoe mvinyo siku ya harusi, na mama wa miujiza anayemsaidia binti huyo anampinga mpaka anakubali. Mwandishi wa riwaya Mwingereza Charles Dickens alikasirika, akaandika mwaka huohuo kwamba ngano zisiguswe. Namwelewa, ila zilikuwa zimeshaguswa zamani. Katika toleo la Grimm la 1812, anayetaka Snow White, binti mzuri kuliko wote, auawe ni mama yake mzazi. Mwaka 1819 wakamgeuza mama wa kambo, na huyo ndiye ambaye wachoraji wamemchora tangu hapo mbele ya kioo kinachomwambia nani ni mzuri zaidi.