Lundo la kifusi Chunya: tuanze na nyasi, miti baadaye

Kila mvua zinapokaribia napokea simu za wachimbaji wa dhahabu wa Makongolosi na Matundasi, huku Chunya. Swali huwa lile lile: "Mtaalamu, tunataka kupanda miti kwenye kifusi, tununue miche mingapi?" Nami huwauliza: maji ya mvua yanashukia wapi?

Kifusi, yaani mawe na udongo uliotolewa mgodini, kikimwagwa na tipa huwa na mteremko mkali mno, karibu nyuzi 37. Hakina mboji, na mvua za Novemba na Desemba hukikuta kimekauka kwa miezi mingi. Mlingoti, yaani mkaratusi, hauwezi kukifunika upesi. Hata ukikua, chini yake mara nyingi hubaki peupe na matone yanaendelea kuchimba. Kwanza sawazisheni mteremko ulale, kisha pandeni vetiva.

Mizizi ya nyasi hii haitambai. Inashuka moja kwa moja, na udongo ukiruhusu hufika mita 3. Juu, mashina yakisongamana huwa kama ukuta unaochuja: maji yanapita polepole, udongo unabaki nyuma, na taratibu ngazi inajijenga yenyewe. Inavumilia tindikali na metali nzito, na aina inayopandwa haitoi mbegu za kuota, kwa hiyo haitavamia shamba la jirani.

Mimi hupasua shina kwa panga, kila kipande kibaki na vichipukizi 2 au 3. Majani nayakata yabaki sentimita 20, mizizi naipunguza, halafu nachovya kwenye uji mzito wa samadi ya ng'ombe. Kati ya mche na mche naacha sentimita 10 hadi 15, kwenye mstari wa kontua, yaani unaokata mteremko kwa usawa ule ule, uliopimwa kwa fremu ya A: miti mitatu, kamba na jiwe.

Pengo ndilo adui. Kwenye lundo moja miche michache ilikufa katikati ya mstari, nami nikachelewa kurudishia. Mvua ya Februari ikapita hapo hapo. Asubuhi nilikuta mfereji wa kufika magotini, na tope jekundu limejaa kwenye kijito wanachochota maji akina mama. Lile tope bado linaniuma. Tangu hapo, baada ya kila mvua kubwa natembea mistari yote.

Katikati ya mistari napanda marejea, ile mikunde iliyozoeleka Ruvuma. Inaongeza naitrojeni, na ikifyekwa naitandaza ioze, kama Wamatengo wa huko wanavyolaza majani kwenye ngoro zao, yale mashamba yao ya vishimo mlimani. Ng'ombe wasiingie kabisa, wala mboga zisipandwe pale. Marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa dhahabu, yakiwa na zebaki au sianidi yana taratibu zake, msiyachanganye na kifusi cha kawaida.

Kwa sasa pimeni mistari na kumwagilia kitalu. Miche iingie ardhini baada ya mvua ya pili au ya tatu, udongo ukishalowa kiasi cha kushikamana ukiufinyanga kiganjani.