Si deko, si mapepo: hisia za mtu mwenye BPD

Saa nne asubuhi mdogo wangu alimtumia rafiki yake ujumbe WhatsApp. Tiki zikawa za bluu, jibu hakuna. Saa tano alishaamini ametupwa. Saa sita alikuwa sakafuni analia, mgongo kaegemeza mlangoni. Saa nane rafiki akapiga simu: alikuwa kikaoni. Mdogo wangu ana BPD (borderline personality disorder), maradhi ya akili yanayofanya hisia na mahusiano ya mtu yayumbe sana.

“Ana deko huyo, anatafuta kiki.” Ndivyo wanavyosema ndugu, na hakuna dhana inayoniuma kama hii. Mwanasaikolojia wa Marekani, Marsha Linehan, alieleza kwamba hisia za mwenye BPD huamshwa na jambo dogo, huwaka kwa nguvu, kisha huchelewa kupoa. Chanzo kinaweza kuwa kidogo, maumivu yakawa makubwa kwelikweli. Linehan alikuwa anayajua: mwaka 2011 alieleza hadharani kwamba ujanani alilazwa hospitali ya akili, akijidhuru.

Hata kujikata huitwa vitisho. Mara nyingi mtu hujikata ili apoze kinachomchoma ndani, au ahisi chochote pale anapokuwa amekufa ganzi. Ukiona makovu usikemee, na tafadhali usipuuze, maana hatari ya kujiua ni kubwa.

Wengine husema ni bipola, maradhi ya akili yanayompandisha mtu kupita kiasi, kisha kumshusha kwenye huzuni nzito. Inawezekana mtu akawa na vyote viwili, lakini bipola humshika mtu kwa siku au wiki nzima. Hisia za BPD hugeuka kwa saa, ni nadra kupita siku chache, na mara nyingi kilichozigusa ni uhusiano na mtu: kuachwa, au kuhofia kuachwa. Wala si maradhi ya wanawake tu. Wanaume wanayo pia.

“Hatapona.” Hapa nawaomba msome polepole. Mary Zanarini na wenzake walifuatilia wagonjwa 290 waliowahi kulazwa hospitali ya McLean, Marekani. Ndani ya miaka 10, asilimia 93 walipata angalau miaka 2 mfululizo ya nafuu, dalili zikiwa zimepungua kiasi cha kutohesabiwa tena kuwa na BPD. Kinachochelewa ni maisha yenyewe: nusu tu ndio waliopata nafuu hiyo pamoja na kazi na mahusiano yaliyosimama.

Mdogo wangu ana mwaka wa pili wa tiba ya mazungumzo. Nami nimeacha kumwambia “tulia”; nakaa naye palepale sakafuni, namwambia, “Naona imekuuma.” Siku hizi huinuka mapema. Kazi bado anatafuta.